Bibi Aliyekalia Sufuria

Tangu baba yake azikwe, Bertila hakuwa ametulia kitako. Mfiwa kwa kawaida huketi. Huketi mkekani akanyoosha miguu, watu wakaja wakampa pole, akalia, akanyamaza, akalia tena, mradi yupo mahali pamoja watu wamwone. Bertila aliketi kidogo tu, mara huyo kasimama, kaenda jikoni kutazama moto ambao wenzake walikuwa wakiutazama vizuri tu, mara kazunguka nyuma ya nyumba, mara yuko kwenye njia ya stesheni amesimama, mkono juu ya macho. Shangazi yake Paskazia akaona haya kwa niaba yake. Akamvuta upindo wa kanga, akamnong'oneza, "Keti, mwanangu, watu wanakuangalia." Akaketi. Mkeka haujapata hata joto lake, akainuka tena.

Na nani angetulia? Chini ya ukingo wa paa, juu ya kigoda, aliketi Kasimiri, tarishi wa korti, akila ugali wa msiba pamoja na waombolezaji. Katikati ya ua lilikuwa sufuria kubwa la shaba, limegeuzwa kifudifudi, na juu yake amekaa bibi kizee wa Kizaramo, kajitanda kaniki, anatafuna tambuu, hana dalili hata moja ya kuondoka. Hao wawili walikuwa wakingoja kitu kimoja, na kitu hicho ndicho kilichokuwa kikimlisha Bertila.

Sufuria lile lilifika Tabora begani mwa baba yake. Mzee Masolwa alikuwa mpagazi ujanani, enzi za misafara, akishuka Bagamoyo na pembe na kurudi na nguo. Safari yake ya mwisho Mwarabu aliyemwajiri aliishiwa, akamlipa sufuria. Kijana mwingine angeliuza palepale pwani akanywa hela yake. Masolwa akaliweka bega la kushoto, akatembea nalo mpaka nyumbani, na sugu aliyoipata njiani haikumtoka tena. Wajukuu waliokuja kumsalimu aliwashikisha ile sugu kwanza, ndipo akaitikia shikamoo zao. Lilikuwa sufuria la kweli: mtoto angeweza kuoga humo bila kukunja magoti.

Miaka ilipopita, mume wa Bertila akaenda kukata mkonge huko Tanga, na hakurudi, wala barua, wala salamu. Mzee Masolwa akamwita binti yake, akapiga sufuria kwa kiganja likalia, akasema, "Chukua. Likulishe." Basi likamlisha. Warina asali wa Ipole, wakitoka porini na masega yao, walipita kwa Bertila, pale pembeni mwa mji, kabla ya kuingia sokoni. Yeye aliyachemsha masega, akayakamua ndani ya gunia, akaacha nta ipoe juu ya maji ikaganda donge la manjano. Warina wakaenda na madonge yao, wakamwachia fungu lake. Fungu hilo ndilo lililolipa kodi, likanunua chumvi na kanga. Hata mwaka nzige walipomaliza mtama wote, nyumba ile haikulala njaa.

Lakini nani alimsikia mzee akisema "chukua"? Aliyekuwapo ni mdogo wake Bertila, Dionis, na kuku wawili watatu.

Na Dionis ndiye ugonjwa wenyewe. Alikuwa na mdomo mtamu, kijana huyo, mdomo wa kumtoa nyoka pangoni. Kwa mdomo huo alikwenda kwa Selemani, mfanyabiashara wa mjini, akachukua mali kauli: chumvi, kaniki, na robota la makoti ya kahawia yenye vifungo vya shaba, akabadilishe kwa nta huko Ipole. Robota lilifunguliwa uani kwa Bertila. Dionis akavaa koti moja, akageuka huku, akageuka huku, akauliza, "Dada, nimependeza?" Bertila akamwambia, "Vua. Si lako hilo mpaka ulilipie." Dionis akacheka. Mali ikaenda, nta haikuja, makoti hayakuja, Dionis mwenyewe hakuja. Baadaye ikasikika yuko Bukene, anapakia pamba kwenye behewa. Na siku alipochukua ile mali, alipoulizwa anakaa wapi, hakupepesa jicho: alitaja nyumba ya dada yake.

Ndiyo maana Kasimiri alifika, siku iliyofuata maziko, pamoja na Marko msukuma mkokoteni. Alikuwa mtu wa makamo, mpole, amevaa rozari chini ya shati la kazi. Alivua kofia tangu njiani.

"Mwangaluka, mama. Poleni na msiba."

"Mwangaluka, bwana. Tumeshapoa."

Akatia rambirambi yake kwenye sahani kama mtu yeyote, akakaa na wanaume kidogo, kisha akamwomba Bertila waongee nyuma ya jiko. Huko akatoa hati. Bertila hakuhitaji kusomewa; aliona mkokoteni mtupu pale nje.

"Dionis mwana wa Masolwa," Kasimiri akasema, "hukumu imeshatoka. Natafuta mali yake."

"Mali yake iko Bukene, ndani ya suruali yake. Hapa ni kwangu."

"Najua ni kwako. Mikeka, majembe, hivyo sina haja navyo. Lakini mzee amefariki, mama. Mzee alikuwa na sufuria. Mji mzima unalijua, na Selemani anasema likipigwa mnada ataridhika, deni litakuwa limekwisha."

"Sufuria ni langu. Baba alinipa."

"Mbele ya nani?"

Bertila akawaangalia kuku.

"Korti itaniuliza," Kasimiri akaendelea taratibu, "marehemu alikuwa na mtoto wa kiume? Nitasema alikuwa naye. Basi, wataandika mrithi ni huyo. Mimi siwezi kusema nisichokiona."

"Na kama mali hakuna?"

"Mali kwanza. Mali isipopatikana, mwenyewe. Nikimkuta, namchukua, anakwenda kufungwa." Akakunja hati yake. "Ila mimi nami ni Mnyamwezi. Sibebi chombo katika nyumba yenye tanga. Nitangoja lianuliwe."

Na kweli akangoja. Kila asubuhi alikuja na Marko wake, wakaegesha mkokoteni kwenye ukuta, wakala, wakasaidia kupasua kuni, jioni wakarudi mjini. Waombolezaji walimzoea, mmoja akafikia kumwuliza kama ni wa ukoo wa kina mama. Bertila akimwangalia alitamani amchukie, akashindwa. Mtu anayekupasulia kuni ni vigumu kumchukia. Chuki yote ikaenda Bukene. Alimchukia ndugu yake kwa moyo wote, akipika uji anamchukia, akifagia anamchukia, na katikati ya chuki hiyo alikuwa akimhofia.

Kwa sababu alikuwa amemwita mwenyewe. Siku mzee alipokata roho, Bertila alikimbia stesheni, akamwomba mchochea moto wa gari la moshi la Mwanza ampe Dionis habari: baba amekufa, njoo. Alipoiona hati ya Kasimiri akakimbia tena stesheni, akamtuma mwingine: usije. Sasa habari ipi imefika kwanza? Je, ya pili imefika kabisa? Ndiyo hayo yaliyokuwa yakimwinua mkekani. Gari likipiga honi mbali huko, alikimbilia njiani.

Kumbe mtu pekee aliyetulia katika msiba mzima ni yule bibi kizee.

Aliitwa Mwanamkuu. Alifika Tabora na mumewe zamani reli ilipokuwa ikijengwa, mume akafa, yeye akabaki akiuza vitumbua mjini. Mzaramo, basi mtani. Wapagazi wa Kinyamwezi walivyokuwa wakipita nchi ya Wazaramo na mizigo yao, wakaombana maji, wakazikana njiani, utani ukaingia baina yao na haujatoka mpaka leo. Penye msiba wa Mnyamwezi, Mzaramo ndiye mwenye ruhusa. Siku ya maziko Mwanamkuu aliligonga jeneza kwa fimbo akapiga kelele, "Masolwa! Amka wewe, mzigo haujafika!" Watu wakacheka huku machozi yanawatoka, na padri akaangalia mbinguni kana kwamba kuna ndege wa ajabu. Walipotoka makaburini, bibi akatangulia kwa kifimbo chake, akapindua sufuria la shaba, akalikalia.

"Hili langu," akatangaza. "Nimemdai huyu mzee maisha yangu yote, sasa najilipa. Anayelitaka anikomboe!"

Ndiyo haki ya mtani. Alichokikamata msibani ni chake mpaka akombolewe, na humkasirikii. Ukimkasirikia mtani msibani, watu watakuhama wewe, si yeye. Wala hakiondoki mkononi mwake kwa nguvu. Kasimiri alipofika na kumwona bibi amekaa pale juu, alimkodolea macho kwa muda, akatafuta kigoda.

Siku moja mchana Bertila alimmwagia Kasimiri maji ya kunawa. Tarishi akanawa polepole kuliko inavyohitajika, macho yake kwenye beseni.

"Mama, mimi sijasema kitu," akasema. "Lakini siku ya kuanua tanga, mtu akilikomboa lile sufuria mbele ya watu wote, mtani akampokea, hilo nitakuwa nimeliona kwa macho yangu. Nitakwenda kulisema kortini vilevile: sufuria ni la fulani, amelikomboa msibani. Basi." Akajifuta mikono kwenye suruali, akarudi kwa wanaume.

Bertila alielewa. Usiku ule hakulala kwa matumaini, jambo jipya. Alikuwa na jogoo mwekundu, mkubwa, mkorofi, aliyemlea tangu kifaranga. Asubuhi akamwinamia Mwanamkuu.

"Shikamoo, bibi. Utapokea jogoo?"

"Marahaba. Jogoo wako, au wa kuazima?" Bibi akatema tambuu pembeni. "Nawajua nyinyi Wanyamwezi, mnabeba mizigo ya watu mpaka mnasahau ipi yenu. Ukinikomboa kwa kitu cha watu, wallahi narudi hapa, nakaa mpaka niote mizizi."

"Wangu, bibi. Wa kuanzia yai."

"Mlete basi siku yake. Matako yananiuma."

Siku yake ikafika. Ua ulijaa tangu mapema. Majirani, warina kutoka Ipole na vibuyu vyao vya asali, wanawake wa kanisani. Sala ikasaliwa, mikeka ikakung'utwa. Kasimiri alikuwa amesimama, si kwenye kigoda leo, na Marko ameshika mikono ya mkokoteni. Bertila alizunguka nyuma ya nyumba kumchukua jogoo. Akakuta kamba peke yake.

Jogoo alikuwa kwenye shamba la mihogo, anaparura kama mwenye shamba. Bertila akamnyemelea, jogoo akamwacha asogee, akaruka. Akamfuata. Kanga ikanasa kwenye mti wa muhogo, akaiacha hapohapo. Alikuwa ameinama katikati ya mashina, anahema, anamwita yule ndege kwa majina ya heshima na ya matusi, ndipo akasikia uani kelele za watu zimebadilika, halafu sauti ya Mwanamkuu imepaa juu ya zote.

"Haya, haya, mtoto wa kiume huyo! Baba kaoza, ndiyo anafika! Ulikuwa wapi, ewe? Ulikuwa unabeba nini, pumzi zako? Baba yako alibeba sufuria hili kutoka pwani, wewe hata maiti yake hukuibeba!"

Watu wakaangua kicheko. Bertila akamkamata jogoo kwa bawa moja. Hakusimama kumshika vizuri. Alikimbia hivyohivyo, jogoo anapiga kelele, na mbele yake akasikia sauti aliyoijua kuliko ya mtu yeyote duniani, inapasuka kwa kilio na kiburi.

"Ondoka juu ya chombo cha baba yangu, bibi! Ninakikomboa mimi!"

Vigelegele vikapigwa. Bertila akatokea kona ya nyumba.

Dionis alikuwa amesimama katikati ya ua na shati tu, amekonda, vumbi la safari mpaka kwenye nyusi. Koti lake lilikuwa mikononi mwa Mwanamkuu, naye bibi ameshainuka, amelikunja mkononi, anacheka na kinywa chake chekundu. Sufuria lilikuwa limekaa peke yake juani. Dionis akamwona dada yake na jogoo wake, na uso wake ukafunguka wote, ule uso aliokuwa nao alipokuwa mdogo akirudi na kwale aliyemnasa mwenyewe.

"Dada," akasema, "nimekukombolea."

Habari ya pili haikumfikia. Hakujua lolote. Alikuwa amesikia baba amekufa, akapanda gari, akafika, akatukanwa mbele ya watu kama mtani anavyotukana, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake akafanya kile ambacho mtoto wa kiume hufanya.

Kasimiri akasogea mbele. Hakuwa na furaha hata kidogo usoni.

"Wewe ndiye Dionis mwana wa Masolwa?"

"Ndiye."

"Sufuria hili umelikomboa wewe?"

"Mimi. Watu wote wameona."

"Tumeona," Kasimiri akasema. "Mimi ni tarishi wa korti. Nina hati ya deni la Selemani. Sufuria ni lako, basi ninalichukua. Likiuzwa, deni lako limekwisha, uko huru." Akamwonyesha Marko kwa kidevu.

Marko akaacha mkokoteni, akainama, akashika vishikio vya sufuria. Dionis alimtazama Marko, akamtazama Kasimiri, kisha akamgeukia Bertila, na tabasamu lake lilikuwa bado halijapata habari kamili.

"Dada, mimi nilitaka... Nilikuwa nakukombolea wewe."

Bertila alimwamini. Hilo ndilo lililomuuma. Kama angekuwa amefanya kwa hila, kama kawaida yake, angempiga na jogoo. Lakini alikuwa amefanya kwa upendo, mpumbavu huyu, na kwa upendo huo alikuwa amemnyang'anya dada yake chakula cha maisha yake yote.

Ndipo akaliona koti. Lilikuwa la kahawia. Vifungo vya shaba vilimeta juani mikononi mwa Mwanamkuu, kimoja kimeng'oka. Alilijua. Lilifunguliwa katika robota hapohapo uani. Alimwambia alivue, akacheka.

Neno moja tu, na sufuria lingerudi. Mtani hakombolewi kwa kitu cha watu. Lakini sufuria likirudi, mali haipo. Na mali isipokuwapo, mwenyewe yupo, huyu hapa, hana hata koti.

Akanyanyua macho, akakuta Dionis anamwangalia anavyoliangalia koti. Kijana hakuwa mjinga kiasi hicho, alielewa. Akatikisa kichwa, kidogo sana, kiasi cha mtu anayefukuza inzi. *Usiseme.* Alipokuwa mtoto alimtikisia hivyohivyo, baba akiuliza nani amekula asali, na Bertila kila mara alinyamaza. Kila mara. Alinyamaza kwa asali, alinyamaza kwa mbuzi aliyepotea, alinyamaza kwa nyumba yake kutajwa dukani kwa Selemani. Marko akaliinua sufuria, shaba ikagusa ubao wa mkokoteni ikalia, sauti ileile ya kiganja cha baba.

"Bibi," Bertila akasema, "koti hilo si lake."

Mwanamkuu akaacha kutafuna. "La nani?"

"La Selemani. Halijalipwa. Mwulize mwenyewe."

Watu wote wakamgeukia Dionis. Uongo haukuwahi kumwishia huyu; angeweza kusema amelinunua Bukene, amepewa na padri, na nusu ya ua ingemwamini. Bertila aliungoja uongo huo, na sasa, kwa haraka na kwa hofu, akautamani. Dionis akaangalia miguu yake.

"Kweli," akasema. "Si langu."

Bibi akalitupa koti chini. Akaenda hadi kwenye mkokoteni, akampiga Marko kifimbo cha mguu, sufuria likateremshwa, likapinduliwa, akalikalia. Bertila akampa jogoo. Hakusema neno la utani, wala bibi hakusema. Akampokea, akamkagua chini ya mbawa kama inavyopasa, akainuka.

"Nimepokea. Cha kwake mwenyewe. Sufuria la Bertila."

Shangazi Paskazia akaanza kigelegele, akaona hakuna anayemfuata, akakimeza.

Kasimiri aliokota koti, akalikung'uta vumbi kwa adabu, akalikunja. "Mali haikupatikana," akasema, kwa sauti ya mtu anayejisomea. "Koti moja tu. Haya, ndugu Dionis."

"Ale kwanza," Bertila akasema. "Hajala. Ametoka safari."

Akala. Bertila mwenyewe alimletea, akasimama pembeni yake na maji ya kunawa. Dionis alimaliza ugali wote, akaacha nyama kwenye bakuli kama mtoto aliyefunzwa kuwaachia wenzake. Alipoinuka alisema tu, "Dada, baki salama," akaenda. Kasimiri hakumfunga kamba. Alimweka kwenye mikono ya mkokoteni asukume pamoja na Marko, mmoja kila upande, yeye akatembea nyuma mbali kidogo, ili huko barabarani watu wadhani ni kibarua tu. Dionis alisukuma kwa bega la kushoto.

Mtani haondoki msibani bila kuchokoza. Mkokoteni ulipopotea, Mwanamkuu akagonga chini kifimbo chake, akapaza sauti ili wa mwisho naye asikie.

"Bertila! Chombo umekikomboa kwa jogoo. Na ndugu je, yeye ungemkomboa kwa nini? Kwa kifaranga?"

Ni utani. Utani haukasirikiwi. Watu wakasubiri, wakimwangalia mfiwa, na Bertila akacheka kwa sababu ilimpasa acheke, nao wakacheka wote kwa shukrani, na yeye akaendelea kucheka walipokwisha nyamaza, mpaka Paskazia akaja kumshika mabega.

Angeweza kujitetea. Sufuria likibaki, litachemsha nta, nta italipa deni, deni litamtoa Dionis. Sufuria likienda, mwakani kijana anakopa tena na hakuna tena cha kumwokoa. Yalikuwa maneno ya kweli yote, na shangazi aliyasema hayohayo akimbembeleza. Lakini Bertila alijua kwamba alipofungua mdomo hakuwa amewaza hata moja kati ya hayo. Aliwaza sufuria, basi. Aliwaza kwamba amechoka kunyamaza.

Mwanamkuu akamfuata hadi mlango wa jiko, akamtia jogoo mikononi.

"Nilipokea mbele ya watu," akasema, chini kwa chini sasa, bila mzaha. "Sufuria ni lako, hakuna wa kukudai. Huyu ni jogoo wangu, na mimi ninakupa. Anza naye kumkomboa ndugu yako." Akaenda zake kuwahi vitumbua vyake.

Bertila akamfunga jogoo kwenye nguzo, mafundo mawili. Akaligeuza sufuria, akalikalisha juu ya mafiga, akamwaga maji, akapanga kuni zilizopasuliwa na Kasimiri.

"Leo, mwanangu?" Paskazia akasema. "Tanga ndiyo kwanza limeanuliwa."

"Leo, shangazi."

Akawaita warina walioletwa na msiba, waliokuwa wameacha masega yao kwa jirani, akawaambia wayalete. Moto ukashika. Maji bado yalikuwa baridi, hapakuwa na kazi nyingine ya kufanya ila kungoja, na kwa kuwa miguu ilimuuma Bertila akakaa kwenye kigoda cha Kasimiri. Akakaa kidogo. Kisha akainuka, akaenda tena kusimama njiani, mkono juu ya macho, ila safari hii aligeukia upande wa mjini.